Kabla ya kulipia kasi kubwa zaidi: kuboresha intaneti ya nyumbani na kumchagua mtoa huduma

Intaneti inaposuasua nyumbani, wengi hukimbilia kupandisha kifurushi. Malipo yanaongezeka, wiki inapita, na video inakwama katika chumba kilekile. Kasi inaweza kupotelea ndani ya nyumba, kwenye laini inayoingia nyumbani, au huko mbele kwenye mtandao wa mtoa huduma. Kifurushi kikubwa hakigusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kinafungua bomba pale tu ambapo kasi uliyolipia inakufikia yote na bado haitoshi. Kwa hiyo tafuta kwanza inapopotelea. Unahitaji kompyuta moja, waya mmoja wa mtandao, na uvumilivu wa siku moja.

Pima kwenye waya, siyo hewani

Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa waya, kisha uzime Wi-Fi ya kompyuta hiyo, la sivyo utapima hewa ukidhani unapima laini. Waombe wa nyumbani wasitishe kupakua na kutazama video kwa dakika kumi. Usisahau simu zinazopakia picha zenyewe kimyakimya. Pima kwa tovuti yoyote ya kupimia kasi, mara tatu kwa siku: alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku, muda ambao mitandao ya majumbani huelemewa. Kila mara andika saa, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na ucheleweshaji, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Halafu rudia kwa Wi-Fi, kwanza ukiwa chumba chenye ruta, kisha chumba kinacholalamikiwa.

Waya ukikupa kasi uliyolipia na Wi-Fi ikakupa robo yake, mtoa huduma hana kosa na kumhama hakutabadilisha kitu. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na kuporomoka usiku, njia mnayogawana na majirani imezidiwa; hapo kupandisha kifurushi kwa mtoa huduma huyohuyo mara nyingi ni kulipia zaidi ili ukae kwenye foleni ileile. Ikiwa ndogo saa zote hata kwa waya, kuna hitilafu kwenye laini au kifaa kimezeeka.

Kuna tokeo moja linalojitaja lenyewe. Unalipia Mbps 200 (megabiti 200 kwa sekunde) au zaidi, na kipimo kinaganda kwenye 93 hadi 95 bila kupanda wala kushuka. Hapo kuna tundu, kadi ya kompyuta au waya unaofanya kazi kwa Mbps 100. Waya wa gigabiti, yaani Mbps 1,000, hutumia jozi zote nne za nyuzi zake za shaba, ilhali Mbps 100 hutosheka na jozi mbili. Uzi mmoja ukikatika au plagi ikibanwa vibaya, vifaa hushuka hadi Mbps 100 bila kutoa onyo, taa zikiendelea kuwaka kama kawaida. Badilisha waya kwanza. Ukibadilisha na hali ikabaki vilevile, tazama kama ruta ina matundu ya gigabiti. Ruta nyingi za bei ya chini hazina, hata zile zinazojinadi kwa Wi-Fi ya kasi kubwa. Tundu zima la gigabiti huonyesha karibu 940 kwenye kipimo, kwa kuwa sehemu ndogo huliwa na maelezo yanayosafiri pamoja na data.

Ucheleweshaji, ambao matangazo hayautaji

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome anwani iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping -n 100, amri inayotuma ujumbe mdogo mara 100 na kupima muda wa jibu, ikifuatwa na anwani hiyo, kisha rudia kwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kwenye Linux na Mac tumia -c badala ya -n.

Kwa waya, ruta inapaswa kujibu ndani ya milisekunde moja au chini yake. Kwa Wi-Fi nzuri ni milisekunde chache, pengine na miruko hapa na pale. Pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri, zikipotea kati yako na ruta, tatizo limo ndani ya nyumba. Zikifika salama kwenye ruta lakini zikapotea kuelekea nje, na hali hiyo ikajirudia kwa anwani zote mbili za nje, tatizo liko kwenye laini au kwa mtoa huduma. Upotevu wa asilimia moja au mbili unatosha kuikatakata sauti ya simu ya video, ingawa tovuti ya kupimia kasi inaweza kukuonyesha tarakimu za kupendeza.

Kisha fanya jaribio ambalo wachache hulifanya: acha ping iendelee kwenda nje huku ukipakia faili kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ucheleweshaji ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi 300 au 400, ruta au modemu inarundika pakiti kwenye foleni ndefu badala ya kuzigawa kwa zamu. Ndiyo maana mtu mmoja akipakia picha, mwingine anaganda kwenye mkutano. Dawa yake haihitaji kifurushi kipya. Tafuta kwenye ruta mpangilio wa kusimamia foleni, unaoandikwa SQM au QoS. Ukiona fq_codel au CAKE, ambazo ni mbinu za kupanga foleni, chagua hiyo. Weka kikomo cha kupakua na cha kupakia kwenye takriban asilimia 90 ya kasi uliyopima kwa waya. Unatoa kafara sehemu ndogo ya kasi, na foleni inabaki mikononi mwa ruta inayojua kuipanga. Kwenye laini ya simu za mkononi, ambayo kasi yake hubadilika kila saa, kikomo kipangwe kwa kufuata kasi ya usiku, siyo ya alfajiri.

Unahitaji kiasi gani hasa

Kasi hutangazwa kwa megabiti, faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, basi. Faili la gigabaiti 50 litachukua zaidi ya saa moja kwa kasi hiyo, na kama saa tano na nusu kwa Mbps 20.

Video ya 4K inataka kati ya Mbps 15 na 25, ya HD kamili kama 5, na simu ya video iliyo safi 3 hadi 4 kwenda na kurudi. Hesabu vinavyotumika kwa wakati mmoja, siyo idadi ya vifaa vilivyomo nyumbani. Televisheni mbili za 4K, mkutano mmoja na simu kadhaa hazivuki Mbps 70. Kwa maoni yetu, nyumba ya kawaida ikishavuka Mbps 200 au 300 haitaona tofauti, ila kwa wanaopakua michezo mikubwa au kusafirisha video za kazi.

Penye utata ni kupakia. Kamera nne za ulinzi zinazorekodi mtandaoni, kila moja ikituma Mbps 3, zinakula 12 usiku na mchana. Ongeza mkutano mmoja na umefika 16. Kifurushi cha Mbps 200 za kupakua chenye 10 tu za kupakia kitashindwa na nyumba hiyo, na mwenye nyumba atashangaa kwa nini "Mbps 200" hazitoshi. Uliza tarakimu zote mbili kila mara. Mtoa huduma akitaja moja, ni ile kubwa.

Rekebisha ndani kwanza

Ruta ikae katikati ya nyumba, juu kiasi cha mita moja na nusu au mbili, wazi. Kabati, nyuma ya televisheni, kando ya jokofu, karibu na kioo kikubwa au tangi la samaki: hizo zote ni sehemu mbaya, kwa sababu metali huyarudisha mawimbi na maji huyanyonya. Ukuta wa zege wenye nondo hupunguza mawimbi zaidi kuliko kuta mbili za mbao.

Masafa ya GHz 2.4 hufika mbali lakini ni finyu na yamejaa. Majirani wote wamo humo, na tanuri la maikrowevu pia. Yapange kwenye chaneli 1, 6 au 11, upana wa MHz 20. Chaneli 3 au 8 hazikuepushi na msongamano, zinakuingiza kwenye misongamano miwili kwa mpigo. Masafa ya GHz 5 yape upana wa MHz 80 na uyatumie kwa televisheni, kompyuta na simu. Masafa ya GHz 6 yapo kwenye Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7. Yana nafasi kubwa ila huchoka haraka mbele ya kuta. Kumbuka kifaa dhaifu ndicho kinachoamua: simu inayojua Wi-Fi 4 pekee haitakimbia zaidi kwa sababu umenunua ruta ya Wi-Fi 7.

Vipaza mawimbi vya kuchomeka ukutani vinavyopokea na kurusha kwa redio ileile hukata kasi karibu nusu. Watu huvinunua kwa kuwa ni rahisi, na hapo ndipo urahisi wake unapoishia. Kama unaweza kupitisha waya mmoja hadi upande wa pili wa nyumba na kuweka kirushio cha pili cha Wi-Fi huko, fanya hivyo. Hata ruta ya zamani inafaa, mradi uizime kazi ya kugawa anwani, yaani DHCP, uipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani). Kama waya hauwezekani, chukua mfumo wa mesh, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana, wenye redio ya tatu iliyotengwa kwa mawasiliano ya vituo vyenyewe, na uweke kituo cha pili nusu ya njia kuelekea chumba kibovu. Ukikiweka ndani ya chumba kibovu chenyewe, kitapokea mawimbi mabovu na kuyagawa yakiwa mabovu.

Waya wa Cat5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100. Cat6 hubeba gigabiti 10 hadi kama mita 55, na Cat6A hadi mita 100. Kwa nyumba mpya tandaza Cat6 na usiwaze zaidi. Kataa waya wenye alama ya CCA: ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika kwenye kona na hupata joto ukirusha umeme wa kamera ndani yake.

Njia inayoingia nyumbani

Ukishajua tatizo liko nje, kabla ya kulinganisha majina ya kampuni linganisha njia wanazotumia.

Faiba ndiyo ya kuchagua ikiwa ipo. Mfumo ulioenea zaidi, GPON, una Gbps 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia, zinazogawanywa kwa kigawa mwanga kati ya nyumba kama 32 au 64. Mpya zaidi, XGS-PON, una karibu Gbps 10 kila upande. Tofauti hiyo haikuhusu sana ukinunua Mbps 100. Kinachokuhusu ni nguvu ya mwanga inayofika kwenye kisanduku cha faiba. Kwa GPON ya kawaida mpokeaji husikia hadi dBm -27 (dBm ni kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga unavyodhoofika). Ukisoma kati ya -15 na -24 umelala salama, ukisoma -26 leo, mvua moja au kona moja iliyobanwa itakutoa hewani. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na kuwasha na kuzima ruta hakutauleta.

Kebo ya televisheni hutoa kasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Laini ya simu ya shaba hutegemea umbali: ADSL2+ kilele chake ni Mbps 24, na VDSL2 hung'ara karibu na kabati la mtaa lakini ukivuka kilomita moja faida yake inayeyuka.

Mtandao wa 4G au 5G wa nyumbani unafaa sana pale minara isipoelemewa. Kabla ya kununua ruta, chukua simu yenye laini ya kampuni hiyohiyo, simama dirishani saa tatu usiku na upime. Baada ya kuifunga, fungua ukurasa wa ruta uangalie RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, na SINR, yaani usafi wake dhidi ya kelele. RSRP ya dBm -80 au bora ni nzuri sana, chini ya -105 ni taabu. SINR ikizidi 20 unafurahia, ikikaribia sifuri unapambana na kelele za minara mingine, na hilo halitibiwi kwa kuongeza mistari ya mawimbi kwenye kioo. Sogeza ruta dirisha kwa dirisha, ukiacha dakika mbili kila mahali, na uamue kwa SINR.

Satelaiti zinazotulia juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini, hivyo kwenda na kurudi kwa ujumbe hugharimu milisekunde 600 au zaidi, hata mtoa huduma afanye nini. Zile za chini, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, huleta milisekunde 25 hadi 60, lakini dishi lake linataka anga wazi: mti mmoja kwenye upande mbaya utakata mazungumzo kila dakika chache.

Kumhoji mtoa huduma

Waulize majirani walio kwenye laini hiyohiyo swali moja: usiku inakuwaje? Jirani wa mtaa wa tatu hakusaidii, kwani huenda amefungwa kwenye kigawa mwanga kingine au mnara mwingine.

Kwa mtoa huduma mwenyewe, usiridhike na neno "hadi". Uliza kasi ya chini anayoahidi kwa maandishi, kama anaahidi yoyote. Uliza kikomo cha matumizi ya haki: baada ya gigabaiti ngapi kasi hupunguzwa, hushuka hadi ngapi, na lini inarudi. "Bila kikomo" inayoshuka hadi Mbps 2 baada ya wiki mbili ni bando lililovaa koti. Uliza gharama ya kufungiwa, nani anamiliki ruta, mkataba ni wa miezi mingapi, bei baada ya ofa kwisha, na adhabu ya kuondoka mapema. Jumlisha yote kwa muda mzima wa mkataba, ugawanye kwa miezi, ndipo ulinganishe.

Uliza pia kama utapewa anwani ya IP ya umma. Watoa huduma wengi huwaweka wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja. Kutazama video hakuathiriki, ila kuingia kwenye kamera au seva yako ukiwa nje kutagoma, na baadhi ya michezo italalamika. Ili kujua, linganisha anwani ya WAN (ya upande wa nje) inayoonekana ndani ya ruta na ile inayotajwa na tovuti ya kuonyesha anwani. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Kufungua milango ya mtandao (port forwarding) kwenye ruta hakutasaidia. Omba anwani ya umma au tumia IPv6, mfumo mpya wa anwani, ikiwepo.

Siku ya fundi

Amua mwenyewe kisanduku kitakaa wapi kabla fundi hajatoboa ukuta, maana yeye atachagua sehemu iliyo karibu na pale kebo inapoingilia. Kisanduku kikae karibu na umeme, na kutoka hapo waya uende kwenye ruta katikati ya nyumba. Faiba ya ndani isikunjwe kona kali. Nusu kipenyo cha sentimita tatu ni salama kwa aina zote za kawaida. Aache ziada ya mita moja au mbili iliyoviringwa vizuri, itahitajika siku plagi itakapoharibika. Nje, kebo ishuke kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo na yasifuate kebo ndani, kisha tundu lizibwe.

Plagi za kijani zina uso uliokatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, za bluu uso ulionyooka. Kijani huchomekwa kwa kijani. Ukichanganya, mwanga mwingi unapotea na nyuso zinaweza kuchubuka. Usiguse ncha, usiipulize kwa mdomo, na usiichungulie: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo.

Kabla ya kutia saini, mwombe fundi akuonyeshe nguvu ya mwanga na uiandike, kisha pima kwa waya mbele yake. Kipimo cha simu yake hewani hakitoshi.

Kuhamia laini mpya

Usikate laini ya zamani kabla mpya haijapita wiki mbili, zikiwemo jioni mbili za mwisho wa juma. Ipe ruta mpya jina la Wi-Fi na neno la siri vilevile kama vya zamani, na uzime Wi-Fi ya zamani. Televisheni, kamera na printa zitaunganika zenyewe. Neno la siri la kuingia kwenye ukurasa wa ruta libadilishwe siku hiyohiyo, na ulinzi uwe WPA2 au WPA3.

Ukitaka kuendelea na ruta yako mwenyewe, omba kisanduku cha mtoa huduma kiwekwe kwenye hali ya daraja (bridge), yaani kipitishe tu intaneti na kuiachia ruta yako kazi iliyobaki. Bila hivyo ruta mbili zitatafsiri anwani mara mbili, na simu za sauti na michezo ndizo zitakazoumia kwanza. Pata kwa maandishi jina na neno la siri la PPPoE, njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma, pamoja na namba ya VLAN, inayotenganisha huduma kwenye laini moja, kama inatumika. Ruta nzuri bila namba hiyo hubaki ikitafuta intaneti milele. Kwenye PPPoE weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, 1492. Ikibaki 1500, dalili yake ni ya ajabu kidogo: tovuti nyingi zinafunguka, chache zinaganda nusu njia.

Umeme ukikatika, laini za faiba mara nyingi huendelea kuwa hai. Vinavyozima ni vifaa vyako. Soma lebo za kisanduku na ruta: vingi ni volti 12, ampea 1 hadi 2. Betri ndogo ya akiba ilingane na volti hizo na upande wa chanya wa pini, na ampea zake zifikie jumla ya vifaa vyote viwili. Volti 12 ukizichomeka kwenye kifaa cha volti 9 unaweza kukiunguza.

Katika wiki hizo mbili rudia vipimo vya mwanzo kwa waya, saa zilezile. Vikiwa chini ya ulichoahidiwa, peleka jedwali lenye tarehe, saa na tarakimu. Malalamiko ya "iko slo" hujibiwa kwa kuambiwa uzime ruta na kuiwasha. Laini ya zamani ukiifunga, ifute ruta ya mtoa huduma wa zamani mipangilio yote kabla ya kuirudisha, piga picha namba yake ya usajili, na udai stakabadhi, kwa sababu kifaa kilichorudishwa bila karatasi huonekana kwenye ankara ya mwisho kama kifaa kilichopotea.